Injini ya Mwanaidi kwenye Lori la Jeshi

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mwanaidi mke wangu,

Sabasaba. Sikukuu, kwa hiyo ndugu zako wamekuja wote, na pilau ikaisha kabla sijarudi kutoka kunawa. Baada ya kula, kikao. Nilijua. Mdogo wako Abdulaziz hasafishi koo bure.

Akasema lori langu la jeshi limekaa uani miaka na miaka bila injini, limekuwa nyumba ya kuku na nyoka. Akasema pale anapataka yeye, aegeshe Fuso lake. Akasema keshampata mtu wa vyuma chakavu kutoka Korogwe, atakuja na gesi alikate vipande. Nikamjibu kwamba nyoka alikuwa mmoja tu, na alishahama.

Hawajui, mke wangu. Hawajui kwamba kila Idi tulikuwa tunapanda mle ndani, wewe upande wa abiria, sahani magotini, mimi nimeshika usukani nakuuliza unashuka wapi. Ulikuwa unajibu: Korogwe, sokoni, na usikanyage breki kwa nguvu, nina mchuzi. Kanga yako bado imetundikwa dirishani upande wako. Nilikuahidi kwamba siku moja tutafika kweli.

Kiwanja ni cha baba yenu, sina kauli. Lakini mama yako mdogo, Bibi Mwanaisha, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, naye akakata shauri. Lori likitoka uani hadi barabarani kwa injini yake lenyewe, kabla ya adhana ya adhuhuri Jumamosi ya wiki ijayo, liachwe. Lisipotoka, likatwe.

Nimekubali kwa heshima. Ushindi! Lori halina injini tu. Vingine vipo karibu vyote.

Jumatano, 9 Julai

Korogwe. Kwa fundi Semboja, yule Msambaa wa Vugiri mwenye gereji Kwamndolwa. Akaniamkia, akanipa kigoda, kisha akanionyesha injini tatu zilizokalishwa juu ya matairi kama wachumba wanaosubiri kuchaguliwa.

Ya kwanza ya petroli, silinda sita, ya asili, ndugu wa damu na lori letu. Inaingia bila kukata kitu. Sauti laini. Lakini inakunywa! Semboja akasema nikitaka kufika nayo Handeni nitafute lori la pili la kutubebea petroli.

Ya pili Isuzu ya dizeli, silinda nne. Inakula kidogo, ina adabu. Ila haikai moja kwa moja kwenye giaboksi yetu, lazima kichongwe kipande cha kuziunganisha. Semboja akasema anaweza.

Ya tatu ya Fuso, dizeli, silinda sita. Nguvu tele. Ndefu mno. Rejeta isogezwe, pua ya lori ikatwe.

Mimi nikaipenda ya Fuso. Semboja akatikisa kichwa. Akasema mzee Sadala, usiulize injini ina nguvu kiasi gani, uliza inazitoa ikiwa inazunguka vipi. Gia za lori la jeshi ziliundwa kuvuta mzigo matopeni, si kukimbizana na mabasi. Injini inayovuta ikiwa taratibu, hiyo ndiyo mke wa lori hili. Nikaitikia kama mtu aliyekuwa anajua tangu zamani.

Nikachagua Isuzu. Akakubali nimlipe kwa mahindi nikishavuna, nimpe siku chache aichongee kile kipande. Nimerudi kijijini kwetu Misima naimba. Halafu njiani wazo likanijia. Kwa nini nitoe mahindi, na Fuso la Abdulaziz lina injini nzima?

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nilimsubiri shemeji mlangoni mwa msikiti. Nikavaa uso wa huzuni. Nikamwambia Fuso lake linakohoa asubuhi, mimi jirani nasikia, na mtu mkubwa kama yeye asije akakwama porini na mzigo wa watu. Nikamshauri alipeleke kwa Semboja, injini ishushwe, ikaguliwe wiki nzima.

Hesabu yangu: ikishushwa tu, naiazima. Jumamosi lori linatoka. Jumapili namrudishia, imefutwa vumbi.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema shemeji wa kweli ni mimi. Moyo uliniuma kidogo. Kidogo sana. Ushindi!

Jumapili, 13 Julai

Si ushindi.

Abdulaziz alikwenda kwa Semboja jana. Semboja akalisikiliza Fuso, akabadilisha chujio la dizeli, akamwambia aende salama. Sasa linanguruma kama chui aliyeshiba. Shemeji ameniletea kilo mbili za sukari kunishukuru.

Subiri. Wakati anasubiri chujio, walipiga soga. Semboja hana siri, wala hakujua kuna vita. Akamwonyesha Isuzu, akasema hii ya mzee Sadala, nikimaliza kuichongea inakwenda kwenye lori la jeshi. Mdogo wako akatoa fedha taslimu palepale. Semboja amenipigia simu, amejitetea sana, kodi ya gereji ilikuwa inamkaba. Nani alimwonyesha Abdulaziz njia ya Kwamndolwa? Mimi. Kwa mdomo wangu. Mlangoni mwa msikiti!

Nikaenda kumuuliza Abdulaziz ana kazi gani na Isuzu. Akasema mtu hajui lini atahitaji injini, shemeji. Ameiweka barazani, kaifunika turubai, imekaa kama mzee mgonjwa. Wakati natoka nimejikuta nimeiaga.

Sukari nimeweka kwenye chai. Chai nzuri.

Jumanne, 15 Julai

Mwanaidi! Mwanaidi!

Nilikwenda bandani kutafuta nyundo. Mlangoni bado ipo alama ya kiganja chako, ya unga. Sijaifuta. Na ndani imekaa mashine yako ya kusaga, kimya tangu Mungu alipokuchukua, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha. Nikakaa karibu nayo. Nikakukumbuka na nyusi zako nyeupe za unga, unaiwekea kiganja ubavuni, unaniambia leo imeamka vizuri.

Silinda moja. Magurudumu mawili ya chuma kizito. Inazunguka polepole kama mzee anayekoroga uji, na haijawahi kushindwa na gunia. Maneno ya Semboja yakanirudia. Haikimbii. Inavuta!

Nikampigia. Akasema katika maisha yake yote ya ufundi hajawahi. Kisha akauliza upana wa gurudumu. Alasiri akashuka kwa bodaboda, shingoni kavaa mikanda kama mashada ya maua.

Amepima, amecheka, amepima tena. Anasema itatembea mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini, lakini itatembea. Kukimbia hatujaambiwa.

Shida moja. Pale pa injini, chini ya boneti, kuku wako mwekundu ametamia. Nimekataa asiguswe. Kwa hiyo mashine itakaa juu, kwenye bodi, na mkanda utapita kwenye tundu hadi kwenye giaboksi. Semboja akauliza kama kuku naye ana kura kwenye ukoo huu. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 17 Julai

Vijana wa msikitini wamesaidia kuinua mashine nzima, injini na kinu chake. Semboja ameifunga, ameikaza, ametoboa sakafu, mkanda umekaa. Kisha akaitwa Vugiri, kuna msiba wa jirani yao. Atarudi Jumapili. Akaniachia onyo moja: nisiguse kitu, na hasa nisiigeuze injini. Nikaahidi.

Alipoondoka nikapanda kukaa upande wako. Nikatazama nyuma. Bomba la moshi linatazama dirisha lako! Moshi wote utaingia kwenye kanga. Wewe uliyekuwa ukihamisha jiko kwa sababu ya moshi!

Semboja ni fundi, lakini hakuwahi kukuoa. Nimewaita tena vijana. Tumefungua bolti, tumeigeuza injini yote, mbele ikawa nyuma, tumekaza upya. Mkanda umekaa vilevile. Bomba sasa linatazama nyuma, huko kwa Abdulaziz. Sijui fundi aliogopa nini.

Binti yetu Yusra amepiga simu kutoka shuleni kwake Korogwe. Ameuliza kama najua ninachofanya. Nimemwambia hata yeye nilimlea hivyohivyo.

Jumamosi, 19 Julai

Ushindi! Ushindi! Naandika mbiombio, utanisamehe mwandiko.

Walikuja wote. Bibi Mwanaisha akawekewa kiti getini. Abdulaziz akaja na mtu wa gesi, mitungi miwili, miwani usoni tayari. Lori linatazama geti, geti linatazama barabara. Nikazungusha hendeli. Kimya. Nikazungusha tena. Mtu wa gesi akatafuta kiberiti. Abdulaziz akatazama jua, akasema shemeji, pumzika, umri nao ni kitu. Nikaweka kiganja ubavuni kama ulivyokuwa unafanya.

Tu. Tu. Tu-tu-tu-tu.

Mwanaidi, kijiji kizima kiliisikia. Halafu wanawake wakaanza kutoka majumbani na ndoo za mahindi vichwani! Miguu iliwaleta yenyewe. Mmoja alipofika akasimama, akalia. Mimi nilikuwa na kazi.

Nikapanda. Nikaweka gia ya kwanza. Nikaachia klachi.

Lori likarudi nyuma.

Nikaweka ya pili. Likarudi nyuma kwa furaha zaidi. Nikakanyaga breki. Breki hazikuwemo katika vile karibu vyote. Tukaingia kwenye ua wa minyaa, tukautoboa. Tukaingia kwenye shamba la Abdulaziz, mahindi yakilala kushoto na kulia kama watu wanaopisha harusi. Yeye anakimbia pembeni anapiga kelele, lini nimemkosea, lini. Watu wote nyuma yake. Tukapita barazani kwake, Isuzu imekaa na turubai lake, nikaipungia mkono. Tukatoka kwa geti lake mwenyewe, matako mbele, tukavuka barabara ya upande wa pili, tukakaa juu ya kichuguu ng'ambo. Injini ikazimika yenyewe, kwa adabu.

Na adhana ikaanza.

Abdulaziz akasema haihesabiwi, lori lilitakiwa kwenda mbele. Bibi Mwanaisha alikuwa amefika kwa fimbo yake, anahema. Akatazama chini. Akasema mimi nilisema barabarani. Hiyo hapo ni nini, mto?

Mtu wa gesi akavua miwani. Mimi nikatazama dirisha lako. Kanga safi, hata harufu ya moshi haina.

Jumapili, 20 Julai

Semboja amerudi, amesimuliwa na kijiwe kizima, amelia kwa kicheko. Ameeleza: ukiigeuza injini, mzunguko nao unageuka, gia zote za mbele zinakuwa za nyuma. Anasema ni kazi ya asubuhi moja tu kuirudisha. Yusra naye kapiga: baba, geuza injini. Hata Bibi: geuza injini, mwanangu.

Mahindi ya Abdulaziz nimeyaokota yote. Nitamsagia. Wanawake wamepanga foleni kichuguuni tangu alfajiri, mashine imesaga juu ya lori mpaka saa sita, na shemeji mwenyewe amekunywa chai yangu, sukari yake. Kuku ameangua. Vifaranga wanane, hakuna hata mmoja aliyetikisika.

Lakini kugeuza? Moshi ukurudie wewe? Hapana.

Nimepata bora zaidi. Injini mbili! Yako ibaki ilivyo, ya kurudi. Ya kwendea Korogwe, Isuzu, kuku keshaondoka pale mbele. Kesho nitamsubiri Abdulaziz mlangoni mwa msikiti, nivae uso wa huzuni. Nitamwambia Isuzu yake pale barazani, kwa jinsi inavyonyamaza, inaumwa. Aipeleke kwa Semboja, nami nitaiazima hukohuko.

Tutafika sokoni, mke wangu. Sitakanyaga breki kwa nguvu.

Huko uliko, nikumbuke.