Tiketi Halali Isiyofanana na Tiketi Halali

Kwa Mkurugenzi,
Bahati Nasibu ya Taifa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAHUSU: SURA YA TIKETI ZENU, PAMOJA NA HESHIMA YANGU KATIKA FAMILIA

Natumaini barua hii imekukuta mzima, umeketi, na chai ipo mezani, maana ni ndefu kidogo.

Mimi ni fundi saa. Nadhani umeshanisikia. Kama bado, mimi ndiye niliyeitengeneza saa ya stesheni kwa uma wa kulia na uzi wa kushonea, na siku ile treni ikafika kabla haijaondoka ilikotoka. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu, mwalimu alipoanza kurudia mambo. Jicho langu la kulia, likishabana kile kioo cha kukuzia, noti ya bandia linaijua ikiwa bado mfukoni mwa mwenyewe.

Kwa ajili ya jicho hilo, miaka kumi na moja iliyopita familia yetu ilinichagua kuwa Mshika Tiketi. Kila wiki tunacheza tiketi moja ya pamoja, namba sita zile zile alizozichagua marehemu baba, na mimi ndiye ninayeinunua na kuitunza. Sina cheo kingine duniani. Kwenye kikao cha familia mimi peke yangu ndiye ninayekalia kiti chenye mikono. Sasa Jumapili hii kuna kikao cha kunivua cheo hicho, apewe mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ambaye koleo langu dogo limemzidi umri. Chanzo ni ofisi yako. Nitaeleza kwa namba ili usipotee.

1. Karatasi. Jumatatu nilikuwa njiani kwenda kwa wakala wenu, yule mama wa dirishani jirani na posta, nikakutana na bwana mmoja wa suti anayejulikana kama Meneja. Akanionyesha tiketi nzito kama kadi ya harusi, kingo za dhahabu, mihuri mitatu. Nikanunua. Namba zetu akaziandika papo hapo kwa wino, mwandiko wa kupendeza. Halafu, kwa uchunguzi tu, nikapita dirishani nikanunua na ya kwenu, namba hizo hizo, maana nyingine sizijui. Ndugu Mkurugenzi, nilisikitika. Nyembamba kama risiti ya sabuni. Nikaziweka zote mbili chini ya kioo changu: ya Meneja inametameta, ya kwenu ina mistari mistari na vitarakimu vimesongamana kama watu waliokimbia mvua. Mtu akiulizwa ipi ni ya serikali, atasema nini?

2. Lugha ya wakala wenu. Nilimwuliza kwa adabu kama tiketi yake itashinda. Akajibu, "Mzee wangu, sijui. Hakuna anayejua." Leseni imetundikwa ukutani, ina fremu na kioo, halafu mwenye leseni hajui. Meneja alijua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia polepole, "Hii imeshashinda, mzee, inasubiri tarehe tu." Huo ndio utumishi.

3. Mahali. Yule mama hahami. Miaka yote dirisha lile lile, saa zile zile, ukiwa na malalamiko unajua pa kumpata. Mtu mwenye shughuli zake hakai hivyo. Meneja kila siku yuko kona mpya, na nilipomtafuta juzi nimpe pongezi, nikaambiwa na muuza magazeti kwamba ameondoka na hakuaga. Nilielewa mara moja kwamba amepandishwa cheo.

4. Sahihi. Hili lilinichoma. Mama wa dirishani alinisogezea kalamu, tena kalamu yenyewe imefungwa kwa kamba, akasema, "Weka jina na sahihi hapa nyuma, ili ikipotea asije mwingine akaidai." Mbele ya foleni nzima. Mimi sijawahi kupoteza hata skrubu ya saa ya kike. Iliruka moja zamani, nikaisikiliza ilivyoanguka, nikaifuata kwa masikio mpaka nyumba ya tatu, nikaikuta chini ya kitanda cha watu. Nilikataa kusaini. Sahihi yangu huiweka kwenye vitu vya maana, na ya Meneja niliisaini mara mbili.

5. Mashine. Jumanne mpwa wangu aliitoa tiketi ya Meneja kabatini bila ruhusa, akaipeleka dirishani ipitishwe kwenye mashine yenu ya kukagua. Mashine ikasema haiitambui. Akarudi nayo, mbele ya mama yake na mke wangu, akaniambia, "Mjomba, umeuziwa kadi ya pongezi." Nikamjibu kwamba mashine ina mwaka mmoja kazini, mimi nina thelathini. Mke wangu, ambaye hakuulizwa, akasema, "Hata ile friji ulisema hivyo hivyo." Dada akauliza Jumapili nani ana nafasi. Wote walikuwa na nafasi.

Basi nimekaa, nimepima. Tiketi ya Meneja inafanana na tiketi halali. Ya kwenu haifanani. Kwa hiyo inayodanganya watu ni ya kwenu, na kinachotakiwa kurekebishwa si mimi.

Naomba mumtafute Meneja popote alipo mumpe idara ya uchapaji. Naomba pia mashine ifundishwe kuitambua tiketi yake. Niko tayari kuja kuifundisha mwenyewe, nauli yenu. La haraka kuliko yote, naomba uniandikie kabla ya Jumapili, kwa muhuri, kwamba tiketi yangu ni halali. Kama neno "halali" litakuletea shida kazini, andika "nzuri". Nitaisoma mwenyewe kikaoni, na najua pa kukazia sauti.

Ili ujionee aibu kwa macho yako, naambatanisha humu ile tiketi yenu nyembamba. Nyuma haina sahihi, kama nilivyoeleza. Hakuna haja ya kunirudishia.

Wasalimie wote ofisini, kuanzia anayefungua barua mpaka anayefunga mlango. Mashine nayo isalimie, mimi sina kinyongo.

Ni mimi, nisiyeyumba,

Fundi Saa
Mshika Tiketi wa Familia

Nyongeza (naandika nje ya bahasha, niwie radhi kwa ufinyu):

Bahasha imeshafungwa na kugongwa muhuri wa rejesta. Redio ya hapa posta imetoka kusoma matokeo ya saa sita. Namba tano kati ya zile sita za marehemu baba zimetoka. Mpwa wangu ameingia akihema, akaniuliza, "Mjomba, ile nyembamba iko wapi?" Nimemwonyesha bahasha. Karani anasema barua ikishagongwa muhuri ni mali ya aliyeandikiwa, ila kwa nje naruhusiwa kuandika.

Kwa hiyo futa malalamiko yangu yote ya ndani, la kwanza hadi la tano. Unene wa karatasi yenu unatosha. Meneja msimwajiri. Ndugu utakayefungua, nakusihi, kabla ya jambo lolote chukua kalamu, hata ya kamba inafaa, uandike jina langu nyuma ya tiketi, na uwe na shahidi.

Mpwa wangu amesoma mpaka hapa akasema, "Sasa umewaandikia wezi wote wa njiani." Ni kweli, sikuliona hilo. Amezungumza na karani, na karani amekubali tusafiri ndani ya gari la barua mpaka mlangoni kwako. Mpwa wangu ndiye aliyeshika bahasha. Mimi nimepewa nimshikie mkoba.