Mrusi Chini ya Kitanda

Jumamosi, 8 Machi 2014
Maurice ametundika kichwa cha kulungu sebuleni kwake Woodbury, huku ughaibuni, sasa kanisa zima linamwita Chifu. Kulungu! Mimi nakusanya bunduki za kale za vita, zile za kukoki kwa mkono kila risasi. Babu alibeba moja vitani Burma. Leo nimenunua ya Kirusi mjini Maple Grove, na sanduku lake la mbao, karibu urefu wangu. Mke wangu Rahab aliapa: bunduki ikiingia nyumbani, yeye anahamia kwa dadake Velma. Basi hatajua.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Naburuta sanduku ngazini, Peris wa ghorofa ya juu huyo! Nikamsihi asimwambie Rahab lolote, nitamwambia mwenyewe wakati ukifika. Akalitazama sanduku. Machozi yakamlenga. Akasema Mungu atatutia nguvu. Sikujua anapenda historia hivyo.

Jumatatu, 10 Machi
Bunduki imejaa grisi ya miaka sabini. Nimeiosha bafuni, bado inateleza kama kambare, nikaificha chini ya kitanda. Waumini wanapiga simu mfululizo: pole, jikaze. Habari ya grisi wameipata wapi?

Jumatano, 12 Machi
Jioni sebule ikajaa. Chapati, chai, pasta wa kanisa letu, hata Maurice na suti nyeusi, akanikumbatia. Nikajua wamekuja kuona mkusanyo. Nikafurahi mno! Rahab akaingia kutoka kazini, akaona viatu vyote vile mlangoni na pasta sebuleni. Akaporomoka. Ni mama? Niambieni, ni mama? Wote wakanigeukia mimi. Loo! Kwetu kukiwa na msiba mtu hapigiwi simu; watu hukusanyika kwanza, ndipo apashwe habari. Na mimi nilimfunga Peris mdomo nikiwa na sanduku refu kama jeneza! Nikasema hajafa mtu, ni bunduki. Rahab akamwamsha mamake kwa simu, kwao Nyahururu ni usiku wa manane, akalia, akacheka, akanikumbatia kwa nguvu. Chapati zilipoisha ndipo akaikumbuka bunduki. Itoke kabla ya Jumapili, au atoke yeye.

Jumamosi, 15 Machi
Mrusi yuko kwa Maurice, katundikwa chini ya kulungu. Uchungu! Lakini nimewaza sana, na kosa nimeliona. Rahab akihofia msiba kwanza, bunduki kwake si kitu, hata hunikumbatia. Shida ni kwamba msiba wetu uliisha haraka. Leo nimelipia Mwingereza, bunduki kama ya babu. Sasa natafuta mjomba wa Rahab anayeweza kuugua wiki nzima.