Begi la Gramu Mia Nne

Jumatatu, 8 Julai 2024. Kilosa.
Alhamisi tunaanza. Siku tatu kwa miguu hadi Mikumi kupitia kijiji cha Ulaya, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Ni usaili: kampuni ya utalii inataka mwongozaji mmoja wa watalii watembeao. Mmoja tu! Sina kazi tangu Januari. Jirani yangu Goodhope naye anakwenda, na begi kubwa kama jokofu. Mimi nitamshinda kwa wepesi.

Jumanne, 9 Julai.
Sokoni kwa Domina, muuza mitumba. Kanishauri nijaze begi maharage, nivae, nizunguke soko zima. Nimekataa. Begi jepesi hupimwa likiwa tupu! Nimechagua la bluu, gramu mia nane. Domina akasema kamba zile nyembamba zitanikata mabega. Nikamjibu mabega ni yangu.

Jumatano, 10 Julai.
Nimekata mkanda wa kiunoni. Nimeng'oa sponji ya mgongoni. Mifuko ya pembeni, kwaheri. Gramu mia nne! Nimecheka kwa sauti ili Goodhope asikie ng'ambo ya ukuta. Mke wangu Yusta akaniomba nilijaribu na mzigo hadi stesheni na kurudi.
"Baba Ida, hata mara moja tu."
Mimi? Nijaribiwe na stesheni?

Ijumaa, 12 Julai. Ulaya.
Sufuria imenichimba mgongo siku mbili. Kabla ya Ulaya kamba ya kushoto ikakatika. Nikajitwika begi kichwani, shingo wima, kama nilipanga hivyo. Mkaguzi wetu, mama mtu mzima aitwaye Rebeka, akanisubiri njiani.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Octavian, hilo ni begi au kifurushi?"
Nikasema ni mtindo mpya. Goodhope akajitolea kubeba sufuria. Nikakataa katakata. Baada ya saa moja nikamruhusu, ili apate mazoezi.

Jumamosi, 13 Julai. Mikumi.
Kachaguliwa Goodhope. Nimempa mkono. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko begi lake.
Mama Rebeka akanivalisha begi lake mwenyewe, akakaza mkanda, mzigo wote ukakaa kiunoni. Ajabu! Kama sijabeba kitu. Akasema miguu yangu ni mizuri, nirudi Septemba, ila nichague begi likiwa limejaa, tena nikiwa nimelivaa. Nikaitikia kwa adabu. Machozi yalinilengalenga. Vumbi.

Jumatatu, 15 Julai. Kilosa.
Nimetafakari siku mbili na nimelijua kosa langu. Gramu mia nne zilikuwa nyingi mno! Septemba naenda bila begi kabisa. Fundi Tumwagile ananishonea koti la mifuko ishirini na miwili: maji mbele, unga mikononi, sufuria mgongoni. Yusta ameuliza nitakaaje chini.
Sitakaa!