Ubingwa wa Hiari Unaonipokonya Darasa

Ndugu Mhariri,

“Cheti cha Mwalimu Bingwa ni cha hiari kabisa, na mwalimu mzuri hana sababu ya kukiogopa.”

Maneno hayo si yangu. Ni ya Katibu wa Baraza la Walimu Bingwa, aliyoyaandika katika gazeti lako wiki iliyopita, chini ya picha yake akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu aliyemaliza kujenga daraja kwa mikono hiyohiyo. Nimeisoma sentensi yake nikiwa nimekaa, nikaisoma nikiwa nimesimama, na mara zote imebaki kuwa uongo. Naomba nafasi katika ukurasa wako niieleze, kwa adabu zote zilizonibakia.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini katika shule moja, na vumbi la chaki nililolimeza lingetosha kupaka nyumba chokaa. Wanafunzi huniita Kipeo nikishapita, wakidhani sisikii. Kwa wasomaji wasiojua, cheti hiki hupewa mwalimu mzoefu ambaye tayari ana sifa zote za kufundisha, lakini anataka, kwa ridhaa yake, kuthibitishiwa kwamba anawazidi wenzake wenye sifa hizohizo. Anajirekodi video akifundisha, anaandika insha iitwayo tafakuri, anavipeleka vyote kwa mpimaji asiyemjua, kisha anangoja hukumu. Mimi nilipeleka. Nimekataliwa. Kabla Katibu hajaanza kucheka, malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu hiari. Mwalimu mkuu wetu, mama mwenye sauti ya upole inayotisha kuliko king'ora, aliniita ofisini kwake akanimiminia chai. Hiyo peke yake ilikuwa dalili mbaya. “Mwalimu wangu,” akasema, “hakuna anayekulazimisha. Cheti ni hiari yako. Ila nani apewe darasa la mtihani mwakani, hiyo nayo ni hiari yangu, na wazazi wameanza kuuliza bingwa ni nani.” Darasa hilo, Mhariri, nimekuwa nalo tangu watoto hawajui kushika bikari. Namjua anayelia akikosea na namjua anayecheka akikosea, na najua kwamba yule anayecheka ndiye anayehitaji kuangaliwa zaidi. Mwakani wanaingia kwenye mtihani wao wa mwisho, na mimi nitakuwa nawachungulia dirishani kama mzazi aliyekosa kadi ya mwaliko. Mtu anayekukaba shingo huku akikuambia uko huru kwenda zako, Katibu atamwita nani? Bila shaka atamwita mwezeshaji.

2. Kuhusu video. Baraza linataka kuona somo “katika hali yake ya kawaida”. Mwalimu wa jiografia, anayefundisha chumba cha pili kutoka changu, ambaye sasa ni bingwa na huvaa beji yake hata akienda kunyoa, alipaka rangi ukuta mmoja wa darasa: ule utakaoonekana na kamera. Kuta tatu zilizobaki zinabanduka mpaka leo. Wanafunzi wenye kikohozi walihamishiwa maktaba. Simu ilifungwa kwenye mpini wa ufagio. Somo lilikuwa la mito, na lilirudiwa mara nyingi mno, hata siku ya kurekodi alipoingia na kusema tu, “Hamjambo, wanangu?” darasa zima lilijibu kwa sauti moja, “Delta!” Ikabidi waanze upya. Mpimaji aliandika kwamba wanafunzi walionyesha shauku isiyo ya kawaida. Ni kweli haikuwa ya kawaida. Walikuwa na shauku ya kwenda chooni.

3. Kuhusu tafakuri. Mwombaji anatakiwa kueleza udhaifu wake. Si udhaifu wowote, la. Uwe mdogo, wenye adabu, na uwe umekwisha kupona. Mimi niliandika ukweli: sina subira na watu wanaosema upuuzi kwa kujiamini. Jibu likaja: “Udhaifu huu hauonyeshi ukuaji.” Nikaenda ofisi ya walimu kuwauliza wenzangu wao waliandika nini.

“Andika kwamba ulikuwa unaongea sana, siku hizi unasikiliza,” mwalimu wa historia akanishauri huku akimenya chungwa. “Sisi wote tumeandika hivyo.”

“Na wewe kweli siku hizi unasikiliza?”

“Eti?” akasema.

Ndivyo ilivyo, Mhariri. Shule nzima ina udhaifu mmoja, umeponywa siku moja, kwa sentensi moja. Kama ungekuwa ugonjwa, wizara ya afya ingekuwa imeshafika.

4. Kuhusu mpimaji. Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo ninapochemka. Mimi sikupaka ukuta. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya maji, nikaanza somo la kuzidisha namba hasi, kama maandalio yangu yalivyosema. Sijafika popote, msichana anayekaa karibu na mlango, ambaye kwa kawaida hasemi hata akikanyagwa, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, samahani. Hasi mara hasi kwa nini inakuwa chanya? Mwaka jana ulituambia tukariri tu, tutaelewa huko mbele. Sasa huko mbele ndiyo hapa?”

Nikaweka chaki chini. Nikaachana na maandalio. Nikasimama nikiwatazama, nikasema, “Nikigeuka?” Wakajibu, “Umetupa mgongo!” “Na nikigeuka tena?” “Umerudi!” Darasa likaangua kicheko. Msichana hakucheka.

“Wewe umegeuka kwa sababu una miguu, mwalimu,” akasema. “Namba inageuzwa na nini?”

Miaka yote hii nimekuwa nikisubiri mtoto aniulize swali kama hilo! Nikachora mstari wa namba, nikachora mizani, nikafuta, nikachora upya, jasho likinitoka, mpaka kengele ikalia hoja ikiwa bado hewani na hakuna hata mmoja aliyekimbilia mlango. Kwa maoni yangu, hicho kilikuwa kipindi bora kuliko vyote nilivyofundisha mwaka huu. Mpimaji aliandika: “Somo limetoka nje ya malengo. Muda umepotea.”

Umepotea! Muda ambao watoto walisahau njaa ndio uliopotea, na ule wa kuimba delta ndio uliookolewa. Nimedokezwa kwamba mpimaji huyo alitoka darasani zamani sana akaingia ofisi yenye mapazia mazito na birika la umeme, na tangu hapo hajaulizwa swali na mtu yeyote isipokuwa kama anatumia sukari.

5. Kuhusu nyumba yangu. Maradhi haya yanaambukiza. Mke wangu ni fundi cherehani, mtu mwenye akili zake, na nilimtegemea awe upande wangu. Nilipomaliza kumsomea aya zilizotangulia, akatoa pini mdomoni akasema, “Baba watoto, kumbe jambo zuri hilo. Na sisi tuanzishe cheti cha Mume Bingwa. Cha hiari tu. Ila kupika nako ni hiari yangu.” Mama mkwe, aliyekuwa amejilaza sebuleni na ambaye tulidhani amelala, akaomba awe mpimaji. Akasema hahitaji hata video.

6. Kuhusu haki. Kama uzoefu si ushahidi mpaka urekodiwe, basi tusibaguane, turekodiwe wote. Mzazi mzoefu naye athibitishwe kabla hajapata mtoto wa tatu. Mchimba makaburi aandike tafakuri. Wewe Mhariri ujirekodi ukihariri, katika hali yako ya kawaida, na utueleze udhaifu wako uliopona. Na Baraza lenyewe liwe la kwanza. Nataka video ya kikao chao kizima, bila kuhamisha anayekohoa wala anayesinzia, ipelekwe kwa mpimaji wasiyemjua. Nampendekeza mama mkwe wangu. Wanaompima mwalimu wapimwe na baraza la wapimaji wa wapimaji, na hao nao wapimwe, hadi nchi nzima iwe imekaa mstari mmoja, kila mtu akimkagua aliye mbele yake, na darasani pasibaki mtu. Hapo ubora utakuwa umekamilika, maana hakuna atakayekosea somo lisilofundishwa.

Na Katibu, kwa kuwa ameandika kwamba mwalimu mzuri haogopi, namkaribisha darasani kwangu baada ya chakula cha mchana, siku ya joto, feni ikiwa imekufa kama ilivyo desturi yake. Mpini wa ufagio nitaushika mimi. Amjibu msichana wa mlangoni. Akiweza, nitaila chaki yangu mbele ya watu, na bado nitamwambia amefundisha nje ya malengo.

Sasa nasema na ninyi, walimu wenzangu mliokwisha kupata cheti hiki, maana Baraza halina masikio na nimechoka kupiga kelele ukutani. Mnajua mlivyokipata. Mnajua nani alifichwa maktaba, nani aliandikiwa tafakuri na shemeji yake. Kila beji mnayovaa ni sababu ya mwalimu mwingine kunyang'anywa watoto aliowalea. Vueni beji hizo. Zipelekeni Barazani Jumatatu asubuhi, mzimwage mezani kwa Katibu, mbele ya mikono yake iliyokunjwa, na mumwambie ni kwa hiari yenu.

Nawasalimu wote hapo gazetini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mpigapicha aliyemkunjisha Katibu mikono. Yeye hana kosa, anatafuta riziki. Mama mkwe anawasalimu pia. Anaendelea vizuri na ameshaanza upimaji.

Ni mimi, kwa heshima na hasira,
Mwalimu wa Hisabati, asiye bingwa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, nilimbana mwalimu wa jiografia aniazime ile rekodi yake ya mito, nipate mengine ya kumdhalilisha. Nimeyapata mengi. Lakini katikati ya maigizo yale, mtoto mmoja alisahau jibu alilofundishwa akatoa lake, la ovyo kabisa, na yule bwana, badala ya kumkatiza, akamwuliza, “Umefikaje hapo?” Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, Mhariri, mpaka mtoto akajieleza, akajikwaa, akajisahihisha mwenyewe. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Halafu nikafungua ya kwangu. Baada ya msichana kuuliza namba inageuzwa na nini, hakuna tena sauti ya mtoto yeyote mpaka kengele; ni yangu tu, na mgongo wangu, na ubao. Msichana anaonekana pale pembeni amenyoosha mkono. Kisha anaushusha.

Kwa hiyo ninyi niliowaamuru mvue beji, ngojeni kwanza. Nimeliomba Baraza nirekodi upya, na darasa lile la mtihani silitoi. Mwalimu wa hisabati yeyote kati yenu aliye na rekodi ambayo ndani yake mtoto ameelewa kwa nini hasi mara hasi ni chanya, aniletee shuleni Jumatatu, kabla ya kipindi cha kwanza. Na kama ni lazima aje na beji kifuani, aje nayo.