Sukari Ikipanda, Lydia Anapanda

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kliniki ya sukari. Yangu imepanda tena. Vidonge nameza, asubuhi na jioni. Nesi Brenda akaniuliza kama nameza mimi au namezesha kuku. Nikamwambia kuku wangu wana afya zao. Hakucheka. Jirani yangu Gerson anameza vidonge hivyohivyo na yake imeshuka. Akalitangazia benchi zima kwamba wapo wazee wanaosukumia dawa kwa mbege, pombe ya ndizi. Mbege sijaonja tangu Krismasi. Haya, Pasaka. Mkanda nimeutoboa tundu jipya, suruali inanikimbia. Gerson anasema nimerudi ujanani. Mjinga yule.

Jambo moja jema. Nesi kampigia simu binti yangu Lydia. Atapanda huku Olmotonyi kutoka Daraja Mbili, mjini, keshokutwa.

Jumatano, 4 Juni

Lydia amekuja. Shikamoo mlangoni, kisha moja kwa moja uvunguni. Kapekua kama polisi wa magendo. Akaikuta asali nyuma ya redio. Nikasema ya kikohozi. Akaniambia basi nikohoe. Nikakohoa, tena vizuri. Akaichukua hivyohivyo. Lakini kapika mchicha, kafua mashuka, kamsema ng'ombe, nyumba ikawa na sauti. Wakati wa kuondoka akasema sukari ikishuka atapata amani, hatalazimika kupanda huku mara kwa mara.

Maneno hayo sikuyapenda. Nimeyatafuna jioni nzima.

Jumapili, 8 Juni

Mnada baada ya ibada. Watu wameleta mazao ya sadaka, mzee wa kanisa Sumari ananadi. Ukaja mkungu wa ndizi mbivu. Gerson akautaka. Mimi sikuutaka, nilitaka Gerson aukose. Akapanda bei, nikapanda, akapanda, nikapanda. Nimeupata. Kugeuka, usharika mzima unanitazama: mgonjwa wa sukari kakumbatia mkungu. Sijafika nyumbani, Lydia kapiga simu anauliza habari za ndizi. Nikamwambia nimenunua kwa ajili ya kazi ya Bwana. Akasema apewe ng'ombe.

Ndizi nimempa ng'ombe. Nimekula moja. Ng'ombe kala ganda, kwa hiyo tumegawana.

Jumanne, 10 Juni

Hakuna anayeniamini tena. Kiu hainiachi, maji nakunywa debe kwa debe, na choo kiko mbali kwa baridi hii ya Olmotonyi. Nikapata akili. Nimemwita Gerson ahamie kwangu hadi siku ya kliniki, anione nikimeza, ale ninachokula. Sukari ikishuka, nimemshinda Gerson. Isiposhuka, Lydia atapanda. Pande zote zangu. Mke wake Agnela kamfungia blanketi haraka mno.

Anakoroma. Anaimba tenzi akikoroga uji, tena hajui beti. Akinipa kidonge ananimulika kwa tochi hadi chini ya ulimi. Nimemfichia ndala moja.

Ijumaa, 13 Juni

Imepanda kuliko siku zote. Benchi likaguna. Gerson akasimama, nikajua nimekwisha. Akaapa mbele ya watu wote kwamba huyu mzee kameza kila kidonge, kinywani kachungulia mwenyewe, na chakula chake hata mbwa angeshtaki. Nesi Brenda akasoma kipimo tena. Akamwita daktari.

Daktari Allen, kijana mpole, akanipapasa mbavu. Akauliza kiu, mkojo, mkanda. Akasema huenda tangu mwanzo hii siyo aina ya sukari waliyoidhania. Iko nyingine, mwili unaacha kutengeneza insulini, na huwapata hata wazee. Hiyo vidonge peke yake haviiwezi, na ikiachwa hugusa hata macho. Damu imepelekwa mjini kupimwa, na sindano za insulini nimeanza leoleo. Akasema ningeendelea vile ningeanguka siku moja, niko peke yangu, asijue mtu. Nikamwambia kuanguka sijui, hilo la peke yangu nalijua.

Lydia kaja mbio. Kaniomba radhi kwa ule upekuzi. Nimeipokea kwa heshima zote. Atakaa kwangu mpaka nijue kujichoma mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Kujichoma nilijua tangu Jumapili. Nilijifunzia kwenye papai bichi, kwa maji matupu, nyuma ya zizi. Mbele ya Lydia mkono unatetemeka. Basi ananichoma yeye. Anashika ngozi ya tumbo, ananisimulia wateja wake wa cherehani, nani kanenepa, nani anakataa kwamba kanenepa. Jikoni kunanukia vitunguu. Anashangaa mzee hodari wa panga anashindwa na kasindano. Nikamkumbusha hata darasa la nne nilirudia.

Jumamosi, 21 Juni

Gerson kaniona nyuma ya zizi na papai. Akaenda kumwambia Lydia, akidhani ananisifu, kwamba babake ana mkono kama wa bwana mifugo akichoma ng'ombe.

Lydia akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia, Baba, si ungesema tu nikae. Nikamwambia ana cherehani yake, ana watu wake, nani anasema maneno kama hayo. Akafunga mkoba. Akasimama mlangoni kidogo, nadhani alinipa nafasi. Nikamuuliza kama kabeba sweta. Akaniuliza kama nataka aje Jumamosi ijayo. Nikasema akipata muda.

Ameshuka.

Jioni nimejichoma mwenyewe. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ugali nimepika wa watu wawili, mazoea. Wa pili umepoa mezani.

Nimekaa nikafikiri. Daktari alisema sukari hii hugusa hata macho. Jumatatu nitaanza kutoona. Nitaanza na jicho la kushoto. La kulia bado nalihitaji, la kuangalia njia Lydia akipanda.