Baba wa Ubatizo wa Mtoto wa Dereva

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nimebaki na dereva mmoja! Fuso moja, dereva mmoja, na mimi Cleopa Ndunguru, mwenye Fuso, ambaye kuendesha sijui. Mwaka huu wamenikimbia watatu, wote wamekwenda kwenye malori ya makaa ya mawe. Wa mwisho, Stephano, aliliacha gari kijijini Namswea linanguruma, akadandia lori la wenzake waliokuwa wanapita. Hata kuzima hakuzima. Shukrani ya punda ni mateke.

Leo Mwalimu Jerome, katibu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Mapera, kaniahidi kazi ya msimu mzima: kahawa yote kutoka ghalani hadi kiwanda cha kukoboa, Mbinga mjini. Magunia yatakuwa tayari Ijumaa. Sharti moja tu. Shehena ya kwanza ifike kiwandani kabla ya Jumanne ijayo jioni, la sivyo kazi anapewa Mama Ottilia. Mama Ottilia ana Fuso mbili, na ana tabasamu ambalo silipendi.

Dereva niliyebaki naye ni Kiliani. Mtulivu, hanywi, mke wake Flavia amejifungua juzijuzi. Jioni kaniuliza kwa adabu kama mshahara unaweza kuwa na tarehe. Nikamjibu sisi ni familia, na familia haina tarehe. Akageuka kutazama lori la makaa lililokuwa linapita. Mtazamo ule haukunipendeza hata kidogo. Nimeomba leseni yake nimtunzie isije ikapotea. Iko chini ya godoro langu. Huko kwenye makaa watampokeaje bila leseni? Akili ni mali.

Jumanne, 22 Julai

Trafiki kamsimamisha Kiliani njiani, akataka leseni. Kiliani akajibu iko chini ya godoro la bosi. Ukweli mtupu, jamani! Trafiki akacheka mpaka akashika boneti, kisha akaandika faini. Nimelipa mimi.

Leseni nimeirudisha. Mke wangu Gertruda anasema kama sitaki mtu aondoke, nimpe sababu ya kubaki. Maneno matupu hayo. Ila kaongeza jambo la maana bila kujua: mtoto wa Kiliani anabatizwa Jumapili na hana baba wa ubatizo. Aliyeahidi kusimama naye alikuwa dereva, naye kaenda kwenye makaa.

Nimekaa wima kitandani. Nani anaweza kumkimbia baba wa ubatizo wa mwanawe? Hakuna! Huo si utumishi tena, ni undugu mbele ya Mungu.

Jumatano, 23 Julai

Nimempelekea Kiliani pendekezo. Akasema karibu. Flavia alipiga kigelegele. Mambo yamenyooka.

Ila paroko anataka barua ya mwenyekiti wa jumuiya yangu, kuthibitisha kwamba mimi ni Mkristo hai. Mwenyekiti wa jumuiya yangu ni nani? Mama Ottilia! Nimejipalia makaa mwenyewe.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda kusali jumuiya. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka ya mwaka juzi. Mama Ottilia alisimama akawaomba wanajumuiya wampigie makofi mgeni wetu. Mgeni! Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale.

Baada ya sala akaniuliza mbele ya wote ni nini kimenigusa. Nikasema ni roho ya mtoto yule. Nilisema vizuri mpaka bibi mmoja akafuta machozi. Mama Ottilia hakufuta kitu. Aliandika barua, akagonga muhuri, halafu akanikumbusha kwa upole kwamba kuna semina. Ijumaa na Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Lazima kwa baba wa ubatizo. Lazima kwa wazazi pia.

Yaani na Kiliani! Siku mbili Fuso italala, na magunia yatakuwa tayari ghalani. Nilitaka kuirudisha ile barua. Lakini wote walikuwa wananitazama kwa upendo.

Ijumaa, 25 Julai

Semina. Katekista Wendelin aliuliza wajibu wa baba wa ubatizo. Nikanyoosha mkono wa kwanza ili Kiliani anione ninavyojua. Nikaeleza kwamba ni mzazi kamili, kwamba lazima ahakikishe nyumba ya mtoto inapata riziki, baba yake anapumzika Jumapili, na familia nzima inasonga mbele. Katekista akasema hajawahi kupata jibu bora.

Kiliani aliandika kila neno kwenye daftari. Akapigia na mistari kwa rula.

Jumamosi, 26 Julai

Semina tena. Wakati wa mapumziko nikamkuta Isidori, dereva wa Mama Ottilia, anabadilisha tairi barabarani. Miaka tisa yuko kwa mama yule! Fuso ya pili ya mama imesimama tangu Pasaka kwa kukosa dereva, lakini Isidori hatikisiki. Nikamnunulia soda, nikambembeleza aniambie siri. Akasema mama analipa tarehe 28, na Jumapili gari halitoki.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Mjanja sana. Kanywa soda yangu yote na siri hakutoa.

Jumapili, 27 Julai

Mtoto amebatizwa. Kaitwa Yohane, ingawa nilishapendekeza jina langu mara nne. Nilimshika vizuri. Nilipoulizwa kama niko tayari kuwasaidia wazazi hawa, nikajibu niko tayari kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kengele.

Mlangoni Kiliani kaniita Baba kwa mara ya kwanza. Moyo wangu ulifurahi, nakiri. Kisha akaomba kesho tumpeleke mtoto Liuli, kule ziwani, kwa wazazi wa Flavia, wamwone. Na Fuso. Na mimi mwenyewe, kwa kuwa baba wa ubatizo hakosekani. Paroko alikuwa pale, katekista alikuwa pale, Mama Ottilia alikuwa pale na tabasamu lake. Ningekataaje? Nikapiga hesabu: kwenda na kurudi Jumatatu, kahawa Jumanne alfajiri. Inatosha.

Jumatatu, 28 Julai

Liuli. Baba yake Flavia, Mzee Meshack, ni Mwanglikana wa misheni ya hapa, lakini mjukuu ni mjukuu. Nimempa shikamoo, akanikalisha kiti cha heshima. Samaki mbasa wa kuchoma, ugali wa muhogo. Saa tisa nikamnong'oneza Kiliani tuondoke. Akasema Baba, kuondoka bila kuagwa ni tusi, na kuaga ni kesho.

Ufunguo anao yeye, na mimi kuendesha sijui.

Jumanne, 29 Julai

Wazee wamekaa kutuaga. Kumbe Kiliani amenitambulisha kama baba wa ubatizo tu! Mzee Meshack akaanza kumsema bosi wa mkwewe. Mtu asiye na haya, akasema. Mtu wa kuficha leseni ya mwenzake chini ya godoro, wa kumlipa baba wa mtoto mchanga anapojisikia. Wazee wakaguna. Wakaniuliza mimi naonaje.

Nikasema ni mtu mbaya sana.

Wakaniomba nikamwonye, nami nikaahidi. Kiliani alikuwa anaangalia ziwa. Tumeondoka saa kumi jioni, na dagaa debe moja la zawadi.

Jumatano, 30 Julai

Ghala tupu! Limefagiliwa! Mwalimu Jerome anasema alinisubiri jana mpaka jua linazama, kisha akamwita Mama Ottilia. Isidori kabeba tripu mbili. Msimu mzima umekwenda. Nilikaa kwenye mzani wao wa kahawa.

Jioni kaja Kiliani na Flavia na mtoto. Mama Ottilia sasa ana kazi ya Fuso mbili, na amemtaka Kiliani aendeshe ya pili. Anahitaji tu barua ya mtu mzima anayemfahamu. Kiliani akafungua daftari lake la semina, akanisomea taratibu kwamba baba wa ubatizo huhakikisha familia inasonga mbele. Flavia akaniwekea Yohane mapajani. Mtoto akalala palepale.

Nimeandika barua. Kurasa mbili. Nimemsifu mpaka mwenyewe nikatamani kumwajiri. Walipoondoka nilitaka kulia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Alhamisi, 31 Julai

Nimelala, nimefikiri, nimeliona kosa. Ubatizo unamfunga mtoto tu, baba anabaki huru! Kinachomfunga mwanamume mwenyewe ni ndoa.

Amepatikana dereva mpya, Celestini wa Namswea, miaka ishirini na sita, hajaoa. Kaniuliza mshahara ni tarehe ngapi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa sisi ni familia. Gertruda alitoka nje akabamiza mlango, sijui ana nini siku hizi.

Nitamwoza Celestini mpwa wangu Tadea, fundi cherehani wa Mbinga mjini. Nimeshamwambia paroko atangaze ndoa Jumapili. Tadea mwenyewe nitamwambia kesho.