Funguo Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi 1997

Barua imefika! Chuo kikuu kinatoa mafunzo ya uzamili ya uongozi wa elimu, mwaka mmoja na nusu, kwa wakuu wa shule na maafisa elimu. Wilaya ya Mbinga nafasi moja. Anayehitimu anafikiriwa uafisa elimu wa wilaya. Afisa elimu ana Landrova. Nimekwisha kuchagua upande nitakaokaa.

Mstari wa mwisho unasema makamu wakuu wenye shahada nao waombe. Mstari wa ovyo. Makamu wangu, Mwalimu Ottilia, ana shahada. Fomu iliyokuja nayo nimeijaza, barua nimeifungia kwenye droo. Ufunguo ninao. Funguo zote za shule ninazo mimi, kumi na moja: stoo ya majembe, kabati la chaki, mhuri, hadi sanduku la kengele. Ndio uongozi huo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa, matangazo. Ndoa mbili za baada ya Pasaka, ukarabati wa choo cha parokia, halafu mafunzo ya uzamili kwa wakuu wa shule NA MAKAMU WAO! Wamepeleka nakala parokiani. Nani anapeleka nakala parokiani?

Mama mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kufika altareni, kwamba bora aende Mwalimu Ottilia, maana mkuu atamwachia nani zile funguo?

Nje Ottilia akanipa shikamoo safi kabisa. Akauliza kama fomu haijaonekana ofisini. Nikasema naitafuta. Akasema nisihangaike, Mkuu, yeye keshaomba kwa karatasi ya mistari.

Jumanne, 11 Machi

Mkufunzi Dakta Ildefonsi atakuja Ijumaa kuona kila mwombaji anavyoongoza. Ottilia ana maneno. Mimi nitamwonyesha ngoro, kilimo chetu cha mlimani! Mtu wa chuoni akiuona mteremko wetu wote umepangwa mashimo na matuta, miraba kwa miraba, atajua hapa pana kichwa. Nyasi zimefyekwa, zimekauka. Alhamisi wavulana watazilaza miraba, wasichana watachimba katikati na kuzifunika kwa udongo.

Nimenunua koti la mitumba Mbinga mjini. La sufu, vifungo vinne, kimoja si ndugu wa wengine. Funguo nimezitoa kiunoni, sasa zinakaa mfuko wa kulia, kisomi. Mke wangu Teodora anasema koti limeinama upande mmoja kama mlevi anayerudi kilabuni. Teodora hakusomea uongozi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeongoza kwa vitendo. Nimelaza nyasi mwenyewe, na koti langu, nikiinama na kuinuka mbele ya Kidato cha Tatu chote. Wasichana nyuma yangu na majembe. Wana kasi mno wale wasichana. Hujainuka vizuri, ulipoinamia pameshafunikwa. Kufika saa nane, mashimo mia na ishirini! Nilitamani kupiga picha.

Nikaenda kurudisha majembe stoo. Nikatia mkono mfukoni. Mkono ukatokea chini ya koti.

Funguo zimo ndani ya ngoro! Chini ya nyasi, chini ya udongo, kwenye tuta mojawapo. Sikumwambia mtu. Nimetangaza kwamba majembe yatalala nje yapate hewa.

Ijumaa, 14 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi niko shambani. Nikafukua tuta la kwanza. La pili. La kumi. Mvua ilinyesha, udongo umekuwa ugali.

Saa mbili kengele ikalia. Haiwezekani, kengele nimeifungia! Kumbe Ottilia amewaambia wanafunzi wagonge rimu ya lori. Chaki kaazima shule ya msingi. Kitabu cha wageni, daftari. Wanafunzi wanasema siku zote ninapochelewa ndivyo afanyavyo. Sikuwa na habari.

Dakta alizunguka madarasa yote, ndipo akaletwa kwangu. Nilikuwa shimo la arobaini, tope hadi magotini. Nikamwambia nachunguza mmomonyoko. Akauliza kwa upole, je, Mkuu akiondoka mwaka na nusu shule itakwendaje? Nikajibu kwa fahari kwamba haiwezi kwenda hata siku moja.

Akaandika. Akaandika kwa muda mrefu. Dalili njema!

Alhamisi, 20 Machi

Kachaguliwa Ottilia.

Nami nimeletewa barua yangu ya majibu. Nikaisoma mara mbili. Imeandikwa, kwa mashine kabisa, kwamba shule hii kwa sasa haiwezi kumkosa mkuu wake. Haiwezi kumkosa! Nani mwingine wilayani ana barua kama hii? Nimeibandika ukutani.

Ottilia alihitaji mhuri kwenye ruhusa yake, na funguo hazijapatikana, basi nikaita fundi avunje makufuli. Akaanza na droo. Ile barua ya Machi tatu ikachungulia juu kabisa, na Ottilia amesimama pembeni. Akaisoma hadi mstari wa mwisho. Akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema kumbe ilikuwepo, Mkuu. Basi. Nilitazama dirishani kwa bidii sana.

Jumamosi, 22 Machi

Ottilia kaondoka na basi la Songea. Nilimbebea begi mwenyewe. Akaniomba nimwachie makamu mpya japo ufunguo wa chaki. Nikamwahidi kulifikiria. Nimelifikiria hadi nyumbani, jibu ni hapana.

Lakini mtu hujirekebisha. Fundi katia makufuli mapya, funguo seti mbili kwa usalama. Teodora kashona mfuko wa kulia, seti ya kwanza imo humo. Ya pili iko mfuko wa kushoto. Huo sijaukagua, ila kwa nje unaonekana mzima.

Jumatatu tunalaza nyasi upya pale nilipofukua. Nitatangulia mbele mwenyewe, na koti.